Ukigundulika na Kisukari, Usikifiche Kazini



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya napenda tuzungumzie jambo ambalo sisi wauguzi tunakutana nalo karibu kila siku ya kliniki, lakini ndani ya familia zetu halizungumzwi vya kutosha. Ni habari ya mtu mzima aliyepimwa damu, akaambiwa ana ugonjwa wa kisukari, akapewa dawa na maelezo, halafu kesho yake alfajiri anatakiwa arudi kazini kama kawaida. Hospitalini tunamweleza ale nini, ameze dawa saa ngapi, arudi kliniki lini. Lakini saa nyingi za siku yake hazipiti hospitalini, wala hazipiti nyumbani. Zinapita sokoni, mtumbwini, darasani, shambani, juu ya pikipiki, au kando ya pipa linalochemsha mawese. Huko ndiko kisukari kinakotunzwa, au kinakomshinda mtu.

Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo. Aliyegundulika na kisukari asikifiche mahali pa kazi. Amwambie walau mtu mmoja au wawili kati ya wale anaofanya nao kazi kila siku. Na sisi wengine, yaani waajiri, wenye vyombo vya uvuvi, walimu wakuu, wenzake wa sokoni na ndugu zake, tumrahisishie kusema. Najua wengi hawatakubaliana nami upesi. Kwa hiyo naomba tufuatane taratibu.

Kwa nini watu hukificha

Mvuvi mmoja alinijibu hivi nilipomuuliza kama wenzake wanajua: "Sista, nikisema nina sukari, kesho nafasi yangu mtumbwini kapewa mwingine." Mwalimu mmoja aliogopa kwamba wazazi watasema anaumwa ugonjwa mwingine, kwa sababu alikuwa amekonda. Mama anayeuza dagaa alisema wateja watakimbia meza yake, kana kwamba kisukari kinaambukiza. Dereva wa bodaboda aliniambia kwamba mwenye pikipiki atachukua ufunguo wake.

Hofu hizi si za kudharau. Hapa Mwandiga watu wengi hawana mkataba wa kazi, wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Asiyekwenda leo hali leo. Hivyo mtu anaamua kunyamaza. Anameza vidonge kwa siri, au anaviacha nyumbani ili visionekane. Anakula kile wanachokula wenzake na kwa saa wanazokula wao. Anaficha hata kiu yake. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kwanza tusahihishe mambo matatu. Kisukari hakiambukizi kwa kula pamoja, kwa kushikana mikono wala kwa kulala chumba kimoja. Si adhabu, na si uchawi wa jirani. Wala si ugonjwa wa matajiri wa mjini tu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji 6 vya Tanzania. Walikuta kisukari kwa takriban mtu 1 katika kila watu 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu watu 9 katika kila 100. Umri na njia za kupima havikuwa sawa kabisa katika chunguzi hizo mbili, lakini kila mtu anaona mambo yanakoelekea. Katika kanisa lililojaa waumini Jumapili, wenye kisukari hawakosekani, na baadhi yao bado hawajijui.

Kisukari ni nini hasa

Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, ndizi, viazi na mkate, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Ili sukari hiyo iingie kwenye misuli na kutupa nguvu, tunahitaji kichocheo kiitwacho insulini, kinachotengenezwa na kongosho. Insulini ni kama ufunguo wa mlango. Ufunguo ukikosekana, au kitasa kikiwa kigumu, sukari inabaki nje, yaani ndani ya damu, wakati mwili una njaa.

Katika kisukari cha aina ya 1 kongosho limeacha kutengeneza insulini, na mgonjwa ni lazima achomwe sindano za insulini ili aishi. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, ingawa mtu mzima naye anaweza kukipata. Kisukari cha aina ya 2 ndicho cha wengi. Hapa insulini ipo lakini haitoshi, au mwili hauisikii vizuri. Huanza polepole, na hutibiwa kwa mpangilio wa chakula, mazoezi, vidonge, na kwa wengine insulini pia.

Dalili zake huonekana kazini kabla hazijaonekana hospitalini: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara mchana na usiku, uchovu, macho kuona ukungu, kukonda, na vidonda visivyopona. Hapa niseme neno kwa mabosi. Mfanyakazi anayetoka kwenda chooni kila nusu saa, au anayesinzia saa 5 asubuhi, huitwa mvivu. Kabla hujamkaripia, mwulize kama amepima sukari. Kipimo ni tone moja la damu. Mtu ambaye hajala tangu jana usiku akikutwa na milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, au mwenye dalili akikutwa na milimoli 11.1 au zaidi saa yoyote, huyo anatakiwa kuonana na daktari bila kuchelewa.

Hatari iliyopo kazini

Watu wengi hudhani hatari ya kisukari ni sukari kupanda tu. Ni kweli, sukari iliyopanda kwa miaka mingi huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na moyo. Lakini ipo hatari nyingine inayokuja kwa dakika chache, nayo ni sukari kushuka mno. Huwapata hasa wanaochoma insulini na wanaomeza vidonge vya jamii ya glibenklamidi. Metfomini peke yake mara chache sana huleta tatizo hilo. Ndiyo maana kila mgonjwa ni lazima ajue jina la dawa yake. "Vile vidonge vyeupe" si jina.

Sukari hushuka mtu anapomeza dawa au kuchoma sindano halafu akakosa kula, akachelewa kula, akafanya kazi nzito kuliko kawaida, au akanywa pombe. Angalieni basi kazi zetu. Mpagazi wa sokoni hubeba magunia tangu alfajiri na kula saa 8 mchana. Anayekamua mawese huzungusha mtambo saa nzima juani. Mvuvi wa dagaa huondoka ufukweni jioni, hufanya kazi usiku kucha kwenye taa, na hurudi kunapopambazuka. Kazi zote hizi zinaweza kuishusha sukari ghafla kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza dawa na hajaujua mwili wake.

Dalili za kushuka ni kutokwa na jasho jingi la baridi, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, kuona vibaya, kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka, na hata kuwa mkali bila sababu. Mwisho mtu huzimia au kupata degedege. Tazameni sasa ubaya wa siri. Asiyejua atasema huyu amelewa. Atamwacha alale "mpaka pombe ikatike." Atamcheka. Lakini yule aliyeambiwa atakimbilia sukari, na baada ya robo saa mwenzake atakuwa amekaa anaongea.

Katikati ya ziwa, usiku, hakuna nafasi ya kukisia. Mtu anayeyumba kwenye ukingo wa mtumbwi anaweza kuanguka majini kabla hajasema neno. Ndiyo maana nasema kwamba siri hii haimlindi mvuvi. Inamnyang'anya msaada pekee uliopo karibu naye.

Huduma ya kwanza ambayo kila mtu aijue

Naomba sehemu hii isomwe kwa sauti nyumbani, na watoto wasikie.

Kama mgonjwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Asali nayo inafaa. Subiri dakika 15. Kama bado hajapata nafuu, rudia. Akishapata nafuu, ale chakula, kwa mfano ndizi, kiazi, mkate au ugali, kwa sababu ile sukari ya haraka haikai muda mrefu.

Kama hana fahamu, usimwagie wala kumlisha kitu chochote mdomoni, kwa kuwa kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, hakikisha anapumua, mpeleke hospitali haraka. Na kamwe usimchome insulini kwa kudhani ndiyo dawa yake. Insulini huishusha sukari zaidi.

Mgonjwa mwenyewe atembee na sukari yake. Iwe kwenye kikopo kinachofunga vizuri ili maji yasiingie, mfukoni na si ndani ya mkoba ulioachwa ufukweni. Awe pia na karatasi ndogo yenye jina lake, aina ya dawa anayotumia, na namba ya simu ya ndugu.

Kila kazi na utaratibu wake

Anayefanya kazi usiku asianze dawa mpya kabla hajamweleza daktari saa anazofanya kazi, saa anazolala na saa anazokula. Wengi tunapowaambia "meza asubuhi na jioni" huitikia tu, wakati asubuhi yao ndiyo saa ya kulala. Dawa hufuata chakula, si jua. Mvuvi anayeanza insulini ni vizuri wiki za mwanzo akae nchi kavu, pengine asaidie kuanika na kupakia dagaa, mpaka sukari yake itulie. Kule ziwani huwa kuna siku za mbalamwezi ambapo wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Siku hizo ni nafasi nzuri ya kuja kliniki na kuanza matibabu mapya bila kupoteza mapato.

Dereva wa bodaboda anayepeleka abiria kuelekea Manyovu au Kasulu asiondoke na njaa. Akihisi dalili za kushuka, asimamishe pikipiki palepale, amweleze abiria wake, anywe sukari, ale, na asiendeshe tena mpaka zipite dakika 45 baada ya kurudia hali yake. Abiria atanung'unika. Heri manung'uniko kuliko ajali ya watu wawili.

Wanaokamua mawese na wanaokaanga maandazi wajihadhari na moto. Kisukari cha muda mrefu hufisha ganzi miguu na mikono, na mtu anaweza kuungua bila kusikia maumivu. Wakulima na wapagazi wavae viatu vinavyofunika vidole. Kandambili hazitoshi, na miguu peku ni hatari kubwa zaidi. Kila jioni mtu aoshe miguu, aikaushe vizuri katikati ya vidole, aikague chini na juu. Kama haoni vizuri, mke, mume au mtoto amkagulie. Kidonda kidogo kilichoonekana leo kinasafishwa na kufungwa. Kidonda kilichoonekana baada ya wiki 3 huenda kikaondoka na mguu.

Mwalimu, karani na mwenye duka wana tatizo la upande mwingine. Wanakaa mno. Wao wasimame, watembee, waende sokoni kwa miguu. Na wapange muda wa kula ambao hauvunjwi na wateja.

Chakula cha kazini

Wengine wakishaambiwa wana kisukari huacha kula ugali kabisa, na baada ya siku 3 wanazimia. Si lazima kuacha ugali wa muhogo. Kinachotakiwa ni kiasi. Igawe sahani yako. Nusu iwe mboga za majani kama matembele, kisamvu au mchicha. Robo iwe samaki, dagaa au maharage. Robo inayobaki ndiyo iwe ugali, wali au ndizi. Sisi wa Kigoma tumejaliwa migebuka na dagaa, vyakula bora ambavyo watu wa mbali wanavitamani. Mawese nayo yana faida yake, lakini yatiwe kwa kijiko na si kwa kumimina.

Chai iwe bila sukari. Soda moja ina sukari inayofika vijiko 7 vya chai au zaidi, hivyo soda ibaki kuwa dawa ya sukari iliyoshuka, si kinywaji cha kila siku. Juisi ya matunda nayo isikudanganye kwa kuitwa ya asili. Kula chungwa lenyewe. Na kama kazini kwenu chakula kinachelewa, beba chako: kiazi kitamu cha kuchemsha, karanga, ndizi moja. Kubeba chakula si aibu. Pombe, iwe ya ndizi au ya dukani, inaweza kuishusha sukari saa nyingi baada ya kunywa, hasa kwa asiyekula.

Waliotangulia

Labda utasema mwenye kisukari hawezi tena kazi kubwa. Theresa May wa Uingereza aligundulika na kisukari mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 56 na akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwanzoni ilidhaniwa ni aina ya 2, akapewa vidonge, baadaye ikathibitika kuwa ni aina ya 1 na akaanza kuchoma insulini kila siku. Mwaka 2013 alilisema jambo hilo hadharani. Miaka 3 baadaye, mwaka 2016, akawa Waziri Mkuu wa nchi yake, na akashika kazi hiyo hadi mwaka 2019.

Utajibu kwamba yeye ni mkubwa, ana madaktari na jokofu. Ni kweli. Basi tuje karibu. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, kuna joto kali na nyumba nyingi hazina jokofu. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza insulini katika hali ya joto kama ya huko, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba chupa iliyofunguliwa inaweza kutumika kwa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 bila kupoteza nguvu yake. Habari hiyo ni faraja kwa mfanyakazi wa hapa kwetu. Chupa ambazo hazijafunguliwa zitunzwe kwenye jokofu, hata la zahanati au la jirani, bila kugandishwa. Ile unayoitumia unaweza kuiweka kwenye chombo kikavu ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, kivulini. Usiiache juani, wala ndani ya gari lililofungwa, wala kwenye boksi la pikipiki.

Kumbukeni pia kwamba kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na insulini ya kumchoma mtu yeyote, tajiri wala maskini. Mwezi wa Januari mwaka huo, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson ndiye aliyechomwa kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo kijana mwenye kisukari cha aina ya 1 alihesabiwa siku zake. Leo tunazungumza juu ya namna ya kwenda nayo kazini. Ni neema kubwa, tusiipoteze kwa aibu.

Neno kwa waajiri

Wenye mikataba wajue kwamba sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya walau dakika 60. Inatoa likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Aidha inamtaka mwajiri amhamishe kutoka zamu ya usiku yule aliyethibitishwa kitabibu kuwa hafai kwa kazi ya usiku, isipokuwa pale isipowezekana.

Lakini wengi wenu mnaosoma ukurasa huu ni waajiri wa mtu 1, 2 au 5: msichana wa dukani, vijana wa mtumbwini, kibarua wa shambani. Ninyi hamkaguliwi na mtu, isipokuwa dhamiri zenu. Kwenu nasema hivi: mgonjwa wa kisukari anayetibiwa vizuri anahitaji dakika 10 za kula kwa wakati wake, ruhusa ya kwenda kliniki, na mahali safi pa kuchomea sindano. Hayo yote ni rahisi kuliko kumtafuta na kumfundisha mtu mpya. Na ukimfukuza huyu kwa sababu amesema, wengine 4 watanyamaza. Huwezi kujua ni yupi kati yao atazimia akiwa ameshika usukani.

Mgonjwa naye asijiulize aanzie wapi. Amchague mtu mwenye kifua, anayefanya naye kazi kila siku. Amwambie maneno machache: "Nina kisukari. Hakiambukizi. Ukiniona natoka jasho na kuongea ovyo, nipe sukari iliyo mfukoni mwangu, halafu nipeleke hospitali kama siamki." Inatosha. Si lazima kutangaza soko zima. Huyo mmoja akishajua, siku nyingine utaona umpe nani mwingine habari hizo, akiwemo mwenye kazi.

Neno kwa hospitali na kwa jumuiya zetu

Haki haina budi kusemwa pande zote. Kliniki nyingi za kisukari ziko asubuhi ya siku za kazi. Kibarua akija anapoteza ujira wa siku nzima, na akija mara 3 anachoka. Maoni yangu ni kwamba hospitali na vituo vya afya, vya serikali na vya mashirika ya dini, vingefikiria kliniki ya Jumamosi au ya jioni hata mara moja kwa mwezi. Mgonjwa ambaye sukari yake imetulia apewe dawa za miezi 2 au 3 pale zinapokuwapo. Na yule aliyegundulika leo aandikiwe barua fupi ya kumpelekea mwajiri, kama anataka mwenyewe.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo tunaweza mengi pia. Baada ya sala tusimlazimishe mtu soda kwa kumwambia "moja tu, haina neno." Pale mgonjwa anapolazwa, tumshikie biashara yake. WAWATA wanaweza kuomba mhudumu wa afya aje kupima sukari na shinikizo la damu baada ya Misa. Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba, na Jumapili iliyo karibu nayo ingefaa sana.

Kuhusu mfungo wa Kwaresima, Kanisa halimtaki mgonjwa ajidhuru. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asikae bila kula. Aongee na padre na daktari wake, achague tendo jingine la toba. Majirani zetu Waislamu wa Ujiji na hapa Mwandiga wanajua kwamba nao mgonjwa anaruhusiwa kutofunga Ramadhani. Na wale wanaotupa dawa baada ya kuombewa wakumbuke kwamba Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamheshimu daktari na anasema dawa zimetoka kwa Mungu. Sali, na umeze dawa. Vivyo hivyo jihadhari na wauza chupa wanaoahidi kukimaliza kisukari kwa wiki 2 na kukutaka uache dawa za hospitali.

Ndugu msomaji, kama umegundulika hivi karibuni, najua miezi ya kwanza ni mizito. Utajifunza mwili wako upya, kama mtu anayejifunza njia mpya ya kwenda shamba. Utapima, utakosea kiasi cha ugali, utarekebisha. Usiifanye safari hiyo gizani peke yako. Kesho ukifika kazini, kabla kazi haijapamba moto, mvute mwenzako pembeni, mwonyeshe kikopo cha sukari kiko mfuko gani.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.